Shahada ya kilimo ipimwe shambani, si ofisini

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, zipo kaya katika kata ya Nyamwage, wilayani Rufiji, zinazokabiliwa na uamuzi mgumu. Mtoto amefaulu Baiolojia na Kemia, nafasi ya kusomea kilimo chuo kikuu inaweza kupatikana, lakini wazazi wanasita. Swali lao ni moja: je, ni busara kuuza korosho na ufuta ili kumsomesha mtoto kazi ambayo baba na mama wameifanya miaka yote bila kukanyaga darasa la chuo?

Swali hilo ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa hotuba. Taifa limesikia kaulimbiu nyingi za kilimo. Mwaka 1972 ilikuwa Siasa ni Kilimo, katikati ya miaka ya 1970 ikaja Kilimo cha Kufa na Kupona, na mwaka 2009 Kilimo Kwanza. Kaulimbiu zimepita, jembe la mkono limebaki. Mzazi anayetaka kutoa fedha zake anahitaji hesabu.

Hesabu yenyewe inaonyesha kuwa elimu ya uzalishaji wa mazao inalipa, tena inalipa vizuri, lakini kwa sharti moja. Elimu hiyo lazima irudi shambani, na wakulima wenyewe washiriki kuirudisha. Ikiishia kwenye cheti kilichotiwa fremu na kutundikwa ukutani, basi mzazi aliyesita alikuwa na haki ya kusita.

Nyamwage ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Kata hiyo iko kusini mwa Mto Rufiji, kando ya barabara kuu iendayo Kilwa, Lindi na Mtwara, na hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Utete. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri na mizigo yao walitegemea kivuko cha Ndundu. Leo lori hupita mchana na usiku, na mnunuzi kutoka Dar es Salaam hufika na kuondoka siku hiyo hiyo.

Kwa maneno mengine, soko limeshafika mlangoni. Ambacho hakijafika kwa kasi hiyo ni utaalamu wa kuzalisha kwa wingi, kwa ubora na kwa gharama inayojulikana. Hiyo ndiyo kazi anayopaswa kufundishwa kijana anayekwenda kusomea kilimo.

Wapo wanaodhani kuwa chuo kikuu kinafundisha kulima, jambo ambalo kila mtoto wa Rufiji analijua tangu akiwa mdogo. Hiyo si sahihi. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa Julai 1984 kutokana na kilichokuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi husoma udongo, mimea inavyokua, mbegu zinavyoboreshwa, wadudu na magonjwa, umwagiliaji, takwimu, uchumi wa shamba na jinsi ya kufikisha ushauri kwa mkulima. Anafundishwa sababu za mambo ambayo mkulima anayaona kila siku.

Mfano wa karibu ni muhogo. Mkulima wa Pwani anaweza kupalilia shamba lake vizuri, majani yakapendeza, lakini siku ya kung'oa akakuta mizizi imeoza kwa ndani na haifai kwa chakula wala kwa biashara. Wengine hudhani ni udongo umechoka, na wengine husema ni mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaosababishwa na virusi na kuenezwa na inzi weupe pamoja na pingili zilizochukuliwa kwenye shamba lenye ugonjwa.

Mkulima anayempa jirani yake pingili kwa wema anaweza kuwa anampa hasara ya mwaka mzima. Jicho lililofundishwa huona dalili kwenye majani ya chini na kwenye shina mapema, na huchagua pingili kabla hazijakatwa. Ujuzi huo hauhitaji trekta wala mkopo wa benki. Unahitaji mtu aliyesoma asimame shambani kwa wakati unaofaa.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye korosho, zao linalojulikana vyema katika ukanda huo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Msimu wa 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi tani zisizofikia 20,000. Kilichotokea katikati ni somo kwa kila anayejiita mtaalamu.

Sababu ya kwanza ilikuwa watu kuhamishwa mbali na miti yao. Rufiji iliyaona hayo mapema kuliko wilaya nyingi, kwani baada ya mafuriko ya mwaka 1968 wakazi wa bondeni walihamishiwa vijiji vya juu. Katika miaka ya 1970 uhamishaji ulifanyika nchi nzima, na mikorosho mingi ikaachwa porini. Sababu ya pili ilikuwa bei ndogo iliyowakatisha tamaa wakulima. Ya tatu ilikuwa ugonjwa wa ubwiriunga, ambao hufunika maua na machipukizi kwa unga mweupe na kuyaua kabla hayajatoa tunda.

Kufufuka kwa zao hilo kulihitaji bei nzuri, lakini bei peke yake isingetosha. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walifanya kazi kwa miaka mingi kuonyesha jinsi salfa ya unga inavyozuia ubwiriunga, na wakachagua miti yenye kuzaa sana na kustahimili ugonjwa ili vikonyo vyake vibebeshwe kwenye miche mipya. Wakulima nao wakaonyesha ni nini kinawezekana kwa mfuko wa mtu wa kijijini. Msimu wa 2017/18 uzalishaji ulivuka tani 300,000.

Hakuna mtafiti wa korosho aliyeanza kazi hiyo bila kukaa darasani. Aidha, hakuna hata mmoja ambaye angefanikiwa kama angebaki darasani. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na ndiyo kiini cha hoja hii.

Hata hivyo, kujua kuwa salfa inafaa si sawa na kujua kuitumia. Chukulia mkulima mwenye mikorosho 100. Akitumia gramu 250 kwa kila mti, mzunguko mmoja unamaliza kilo 25, yaani mfuko mmoja. Mizunguko minne ni mifuko minne, pamoja na ujira wa mwenye mashine na mafuta yake.

Salfa ni kinga, haifufui ua lililokwisha kufa. Mkulima akianza kuchelewa, mifuko miwili ya kwanza imepotea bure. Akianza mapema mno kabla machipukizi hayajatoka, vilevile amemwaga fedha. Akipulizia mchana upepo ukivuma, unga unakwenda kwa jirani. Wakati mzuri ni alfajiri, hewa ikiwa imetulia na umande ungali kwenye majani. Anayejua kukagua mashina ya maua na kuamua siku ya kuanza anaweza kuokoa mfuko mzima katika shamba moja. Kijiji kikiwa na wakulima 200 wa namna hiyo, hiyo ni mifuko 200 isiyonunuliwa bure.

Nafasi ya miti ni jambo jingine. Kipimo kinachoshauriwa cha meta 12 kwa 12 kinatoa miti kama 28 kwa ekari. Wengi hupanda kwa kubananisha wakitarajia mavuno makubwa, kisha matawi yanapogusana hewa haipiti, kivuli kinazidi na ugonjwa unapata makazi. Kumshawishi mzee akate nusu ya mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake si kazi ya kipeperushi. Ni kazi ya mtu anayeaminika, mwenye maelezo, na ikiwezekana aliyezaliwa hapo hapo.

Somo jingine linalodharauliwa ni uchumi wa shamba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukulia, kwa mfano wa makadirio tu, mkulima aliyetumia Sh400,000 kwa ekari mbili za ufuta, pamoja na thamani ya nguvu za familia yake. Akivuna kilo 400, kila kilo imemgharimu Sh1,000. Akivuna kilo 250 kwa gharama ile ile, kila kilo imemgharimu Sh1,600.

Sasa aje mnunuzi wa kangomba kabla ya msimu na kumpa Sh1,500 kwa kilo. Mkulima wa kwanza anapata faida ndogo, wa pili anauza kwa hasara huku akishukuru kwa kupata fedha taslimu. Bila daftari, wote wawili watasema wameuza kwa bei moja na hali zao ni sawa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, umemwezesha mkulima kuuza kwa mnada, lakini haumwambii gharama zake. Hilo ni jukumu lake, na mtoto aliyesoma anaweza kuanza kumsaidia siku ya kwanza ya likizo.

Wafanyabiashara wadogo nao wanahusika. Mwenye duka la pembejeo hushauri wakulima wengi kuliko ofisa ugani, kwa sababu ndiye anayekutana nao fedha zikiwa mkononi. Akiuza dawa isiyolingana na ugonjwa, au iliyopitwa na muda wake, hasara haiishii kwa mteja mmoja. Mhitimu wa kilimo anayefungua duka la namna hiyo, akauza na kushauri, anafanya kazi ya taaluma yake sawasawa na aliyeajiriwa halmashauri.

Lakini jambo linaloonyesha zaidi kwamba Rufiji inahitaji wasomi wake wenyewe ni mto. Kwa vizazi vingi kilimo cha bondeni kilifuata mafuriko. Mpunga ulipandwa kabla ya maji kupanda, na maji yalipopungua wakulima walipanda mlau kwenye udongo wenye unyevu na rutuba mpya, yaani mahindi, kunde na mboga za wakati wa kiangazi. Wazee walisoma dalili za mto na kujua lini wahamie kwenye madungu yao shambani na lini warudi.

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi ya Taifa. Aprili mwaka huo huo mafuriko makubwa yalizamisha mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mto wenye bwawa haufuati tena mvua peke yake, unafuata pia uamuzi wa waendesha mitambo. Maarifa ya wazee hayajawa uongo, ila sehemu ya msingi wake imebadilika.

Ni mbegu gani ya mpunga ifae pale maji yanapopanda na kushuka kwa ratiba mpya? Mlau upandwe lini? Rutuba iliyokuwa ikiletwa na tope itafidiwa na nini, na kwa gharama ya nani? Mashimo ya maji na vijito vinavyofaa kwa umwagiliaji mdogo ni vipi? Haya ni maswali ya utafiti, na kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo hutakiwa kufanya utafiti mdogo na kuuandikia ripoti. Ni vyema ripoti nyingi zaidi zijibu maswali ya mkulima wa Rufiji, kisha zisomwe kwenye mkutano wa kijiji badala ya kubaki kwenye rafu.

Pamoja na faida hizo, mzazi anapaswa kuelezwa na upande wa pili. Shahada haina ajira iliyofungwa nayo. Nafasi za Serikali hutolewa kwa vibali, na si kila mhitimu huzipata. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ni deni. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi amalize, na aliyejiajiri naye anatakiwa kulipa.

Kadhalika, chuo kikuu si njia pekee. Vyuo vya kilimo vya Serikali, kama Ilonga mkoani Morogoro na Naliendele mkoani Mtwara, hutoa astashahada na stashahada kwa muda mfupi zaidi na kwa kuzingatia vitendo. Kwa familia isiyo na uwezo mkubwa, kijana kuanza huko, akafanya kazi, kisha akajiendeleza, ni uamuzi wa busara. Si kushindwa.

Tatizo linalohitaji kurekebishwa haraka zaidi ni kalenda. Wanafunzi wa kilimo hupelekwa mafunzo kwa vitendo, lakini kwa kawaida huenda wakati wa likizo ndefu, kuanzia Julai. Kwa korosho huo ni wakati mwafaka, kwani ndipo miti inapochanua na salfa inapopulizwa. Kwa ufuta ni kuchelewa. Ufuta hupandwa mwanzoni mwa mwaka, na mwanafunzi akifika Julai anakuta mwingi umeshavunwa na magunia yanashonwa. Anaandika ripoti ya zao ambalo hakuliona likiota wala likipaliliwa.

Jambo la pili ni mahali. Mwanafunzi akipangiwa ofisi ya halmashauri, ni rahisi wiki zake nyingi kuishia kwenye majalada. Si kosa lake wala la ofisa anayempokea. Ofisa huyo huenda ana vijiji vingi vya kuhudumia, na hata pikipiki ambazo Serikali iligawa kwa maofisa ugani mwaka 2022 haziwezi kumfikisha kila shamba. Mwanafunzi angeweza kuwa miguu na macho ya ziada kama angelala kijijini.

Hapo ndipo Nyamwage isisubiri. Vyama vya msingi vya ushirika vya ukanda huo, kwa kushirikiana na serikali za vijiji na Halmashauri ya Wilaya ya Rufiji, viandike barua vyuoni kuomba wanafunzi, na vitaje mazao na miezi. Chumba cha kulala na chakula si gharama kubwa kwa chama chenye wanachama wengi. Kila chama kiteue wakulima watano wenye mashamba yanayofaa kufundishia, mwanafunzi apewe kila shamba siku yake, na ripoti ikaguliwe pia na mkulima mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Halmashauri nayo iweke orodha ya vijana wa wilaya wanaosoma kilimo, wakiwamo wa vyuo vya kati, ili wapewe kipaumbele cha kupangiwa nyumbani. Vyuo, kwa upande wao, vifikirie kugawa mafunzo kwa vitendo katika vipindi viwili, kimoja cha kupanda na kimoja cha kuvuna, hata kama kila kimoja kitakuwa kifupi. Shamba haliwezi kubadili msimu wake ili kufuata ratiba ya chuo. Ratiba ndiyo inayoweza kubadilishwa.

Wazazi nao wana wajibu. Haifai kumpeleka mtoto kusomea kilimo kisha kumnyima hata robo ekari ya kujaribia alichojifunza. Kijana arudipo likizo akisema nafasi ya mikorosho ibadilishwe au pingili zichaguliwe, asijibiwe kwamba yeye ni mtoto wa juzi. Apewe mistari michache, alime kwa njia yake kando ya njia ya baba, na wakati wa mavuno mizani iamue. Binti apewe nafasi hiyo sawa na kijana wa kiume, hasa ikizingatiwa kuwa palizi ya ufuta na mpunga mara nyingi iko mikononi mwa wanawake, na wao ndio wanaojua kazi hiyo inakula siku ngapi.

Kijana mwenyewe akumbuke kuwa mkulima wa Rufiji alikuwa akijaribu mbegu na kusoma mto kabla chuo chochote hakijajengwa. Uhamishaji wa mwaka 1968 ulifanywa kwa nia ya kuwaokoa watu na maji, lakini uliwaweka mbali na udongo uliowalisha, na wengi wakaendelea kurudi bondeni kulima. Msomi anayeanza kwa kuuliza kwa nini wanarudi atajifunza mengi kuliko anayeanza kwa kuwakataza.

Mzazi wa Nyamwage anayepima leo magunia yake ya korosho na barua ya kujiunga na chuo asitishwe na wanaodai kuwa kilimo hakisomewi. Aulize mambo matatu: chuo kina mafunzo kwa vitendo kiasi gani, mtoto atayafanyia wapi, na akirudi atapewa shamba gani la kuanzia. Swali la kwanza linajibiwa na chuo. Mawili yaliyobaki yanajibiwa kijijini, na msimu wa kuanza kuyajibu ni huu, kabla mikorosho haijachanua.